Miaka Thelathini na Miwili na Kitabu cha Vidole

Ijumaa ya tarehe 30 Machi 1979, saa kumi na moja kamili jioni, Mzee Alfayo Kidiavai atafunga kabati la hati kwa mara ya mwisho na kunikabidhi ufunguo. Atakuwa amemtumikia Bwana Harjit, wakili wetu, kwa miaka thelathini na miwili: kumi na saba mjini Kisumu, na kumi na mitano hapa Saltley, Birmingham, Uingereza, juu ya duka la vitambaa. Katika muda huo wote hajachelewa hata siku moja. Kofia amepoteza kumi na moja.

Bwana Harjit ameagiza wasifu huu uandikwe kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha pekee ambayo sote ofisini tunaweza kuitumia kutaniana. Nimepewa kazi hiyo mimi Milka, mpiga taipu, kwa sababu tangu mwaka 1968 meza yangu inatazamana na ya mzee. Niliahidi kuandika vichekesho tu. Nimejaribu kwa wiki mbili, na kila nikianza najikuta naandika habari za kile kitabu chake cha vidole.

Mzee Alfayo alizaliwa Maragoli mwaka 1914. Ujanani alifanya kazi Nairobi katika ofisi ya vipande, vile vitambulisho vya kikoloni, ambako kila Mwafrika mwanamume alipigwa alama za vidole kama mtu aliyekwisha kuiba. Kwa miaka kumi na mmoja alilinganisha vidole kwa kioo cha kukuzia. Hakuipenda kazi ile na hajawahi kujifanya aliipenda, lakini ilimwachia jicho. Mpaka leo anaweza kusahau jina lako, akasahau na deni la salamu, ila kidole chako atakitambua.

Alipoajiriwa na Bwana Harjit mwaka 1947 alinunua daftari kubwa lenye jalada la ngozi. Kila mteja, awe anajua kuandika au hajui, huweka humo kidole gumba cha kushoto kwa wino wa zambarau, na pembeni huandikwa jina na tarehe. Mzee anasema sahihi ya mtu unaweza kujifunza kwa jioni moja ukiwa na kikombe cha chai. Kidole utajifunzia wapi? Mwaka 1970 alimpiga alama hata yule Mwingereza aliyekuja kusoma mita ya gesi. Maskini yule bwana alishukuru, akaondoka akidhani ndiyo desturi ya nyumba za watu weusi.

Kila asubuhi, kabla ya kuvua koti, mzee hulifungua daftari na kulisalimu. Huanza na walio hai kwa sauti, kisha akifika kwa waliofariki hunong'ona. Wageni ofisini hucheka. Sisi tuliacha kucheka ile siku ya Novemba 1972, alipogeuka akaniambia nitoe faili la mteja wetu mmoja wa Kings Heath, kwa kuwa kidole chake kilikuwa kimeanza kupauka. Nilimwambia wino wa bei rahisi ndio hupauka. Saa sita simu ikalia. Alikuwa mke wa yule mteja, na hakuweza kumaliza sentensi.

Lakini jambo ambalo Saltley nzima inamkumbukia Mzee Alfayo ni lile la Bi Lajwanti.

Bi Lajwanti alikuwa Mhindu wa Kisumu, mjane aliyehamia hapa Machi 1968 pamoja na wanawe wawili wa kiume. Binti yake, Bi Narinder, alikuwa ameolewa na anakaa Kingstanding, mtaa mwingine wa mji huu. Mama huyo hakujua kusoma, lakini mwaka 1959 aliuza bangili zake za harusi akanunua nyumba ya ghorofa moja mjini Jalandhar, kwao India, kwa jina lake mwenyewe. Hapa Birmingham alikaa na wanawe, akawapikia chapati asubuhi na jioni, na katikati alishona mikono ya mashati kwa cherehani. Alifariki Desemba 1973, asubuhi, kitandani mwake.

Mnamo Januari wanawe wakatuletea hati ya wosia. Ilisema nyumba ya Jalandhar ni ya watoto wa kiume peke yao. Ilikuwa na tarehe ya Februari 1968, Kisumu, na chini yake kidole gumba cha zambarau. Walitaka tu tuithibitishe nakala yake ili ipelekwe India. Mzee Alfayo aliitazama muda mrefu kuliko kawaida, akawaambia warudi Ijumaa.

Wasomaji watakumbuka Januari ile. Serikali ilitupa umeme siku tatu kwa wiki, na siku nyingine tulifanya kazi kwa taa ya mafuta, makoti mwilini, huku giza likiingia saa kumi alasiri. Jumatano ile ilikuwa siku ya taa. Mlango ukafunguliwa na Bi Narinder akaingia, mnyonge, shali nyeupe kichwani. Hakuketi. Wala hakutaja nyumba.

Alieleza kwamba kwa desturi yao mwanamke akifariki huoshwa na wanawake wa nyumbani, na yeye ndiye aliyeuosha mkono wa kushoto wa mama yake, kwa maziwa ya mgando na maji. Kidole gumba kilikuwa cha zambarau. Alisugua. Alisugua kwa sabuni, kwa kucha, kwa pindo la nguo yake, na wino haukutoka. Mama yake alichomwa Perry Barr na kidole kile kikiwa na rangi.

"Mimi nataka kujua kitu moja tu, Mzee," alisema. "Nani alishika mkono ya mama?"

Mzee Alfayo aliinama. Baadaye alinifafanulia kwamba ngozi ya mtu hai huusukuma wino nje kidogo kidogo, kwa siku tatu au nne ukawa umekwisha. Ya maiti haina tena sababu ya kuusukuma. Lakini mbele ya Bi Narinder hakusema hayo. Aliniomba nisogeze taa, akashusha daftari.

Bi Lajwanti alikuwamo mara mbili. Mara ya kwanza Agosti 1969, alipokuja kwa fomu ya pasipoti: kidole safi. Mara ya pili Oktoba 1971: kidole kilekile, na kovu limekipasua kwa mshazari kutoka kona hadi kona. Bi Narinder alilitambua kovu kabla hajaonyeshwa. Machi 1971 sindano ya cherehani ilipenya kidole cha mama yake, na yeye ndiye aliyekifunga kitambaa, akakifungua, akakifunga tena, majuma matatu.

Mzee akaweka ile hati ya wosia kando ya daftari. Wosia wa Kisumu, wa Februari 1968, ulikuwa na kovu la Saltley.

Mpaka leo hasira hunipanda nikilifikiria. Watoto wale walikula chapati zilizokandwa kwa kidole kile karibu miaka mitatu, na hakuna hata mmoja aliyekitazama.

Ijumaa Bwana Harjit aliwaketisha wote watatu. Aliwaeleza sheria ya urithi ya Wahindu iliyopitishwa India mwaka 1956. Mali ya ukoo bado ilikuwa na milango yake iliyofunguka kwa wanaume tu, alisema, lakini nyumba ile haikuwa ya ukoo. Ilikuwa ya Bi Lajwanti mwenyewe, na sheria hiyo ilimfanya mwanamke awe mmiliki kamili wa alicho nacho, si mgeni ndani yake. Akifa bila wosia, mtoto wa kiume na wa kike hupata sawasawa.

Kaka mkubwa hakubisha sheria. Alisema kwao dada mwema huwaachia kaka zake fungu lake, nao humpokea kwa zawadi kila akija nyumbani. Dada anayechukua hufungiwa mlango wa nyumbani kwao. Aliyasema hayo kwa upole, na nadhani aliyaamini.

Hapo Bi Narinder akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa hati ya kuachia fungu lake. Alikuwa ameandikiwa huko Kingstanding majuma mawili baada ya mazishi, bado hajaweka sahihi.

"Ungeniuliza, bhaiya, ningesaini," alimwambia kaka yake. "Mimi ni dada yako. Ungeniuliza tu." Kisha akaichana.

Kaka, aliyekuwa ameshaonyeshwa kurasa zile mbili, akasema kovu si ushahidi, huenda ni mkunjo wa karatasi, na daftari la karani si mahakama. Mzee Alfayo, ambaye hajawahi kuinua sauti katika miaka yote niliyomjua, alilisukuma daftari mbele yake likiwa limefunguliwa ukurasa wa 1969, ule wa kidole safi. Alimwambia, "Mguse mama yako, kijana. Mguse umwambie hivyo."

Kaka aliweka kidole. Alipokiinua kilikuwa cha zambarau, kinang'aa, kimelowa.

Mwenyewe niliona. Wino wa miaka minne na nusu ulikuwa mbichi kama uliomwagwa dakika ile. Nimejiambia mara nyingi kwamba ni unyevu wa Birmingham, au joto la taa. Kurasa nyingine zilikuwa kavu. Nilizijaribu moja moja baada ya watu kuondoka, na wakati nikizijaribu mzee alikuwa dirishani, ananitazama.

Kaka mkubwa aliuchukua wosia wake mezani akautia kwenye moto wa jiko letu la makaa kwa mkono wake mwingine. Hakusema alichokifanya asubuhi ile kitandani kwa mama yake, na hakuna aliyemuuliza tena. Mdogo wake ndiye aliyelia.

Nyumba ya Jalandhar iligawanywa mafungu matatu yaliyo sawa. Karatasi zilikamilika 1976, na Bi Narinder akapata chumba cha juu, ambacho mama yake alikuwa akimwambia tangu utotoni kwamba ni chake. Siku hiyo alikuja kuweka kidole chake chini ya cha mama yake. Kuhusu kaka mkubwa, sitapamba habari: hajamkaribisha dada yake mpaka sasa. Kila Agosti dada humpelekea kwa posta uzi wa kufunga mkononi, kama dada wa kwao wafanyavyo, na uzi haurudi, wala jibu haliji. Wanaomwona katika barabara ya Alum Rock wanasema huvaa glavu mkono mmoja hata Julai, mwezi wa joto huku.

Ningeishia hapo, wasifu ukawa mzuri. Lakini wiki iliyopita Mzee Alfayo aliniomba nimchapie wosia wake mwenyewe.

Ana watoto watano Maragoli, wa kiume watatu na wa kike wawili, na ardhi ambayo ndugu zake wameshaigawa kwa macho. Kwao vilevile binti hahesabiwi. Barua za kumwonya zimefika tatu, ya mwisho bila salamu. Mzee aliniamuru niandike watoto watano, sawa kwa sawa, nisiongeze wala nisipunguze neno. Nilipomuuliza haraka ya nini, naye bado ana nguvu za kupanda ngazi zetu kuliko mimi, alijibu kwamba anataka kuweka kidole kingali na joto.

Alikiweka Alhamisi alasiri. Mimi nikasaini kama shahidi wa kwanza. Bwana Harjit, aliyekuwa awe wa pili, alikuwa mahakamani, kwa hiyo tuliiweka hati ndani ya daftari, daftari ndani ya kabati, na ufunguo nikaondoka nao mimi.

Ijumaa asubuhi nilifungua kabati mbele ya wote wawili. Mahali pa shahidi wa pili palikuwa na kidole gumba cha zambarau, kimekandamizwa sawasawa, kovu limekipasua kwa mshazari kutoka kona hadi kona.

Bwana Harjit alikohoa sana. Alisema hakuna mahakama itakayomkubali shahidi huyo, akaniambia nichape nakala nyingine; mzee akaiwekea kidole, nami nikaisaini, naye akaisaini bila kuketi. Nakala hiyo ndiyo itakayokwenda Kenya kwa wakili. Ile ya kwanza Mzee Alfayo ameikunja akaitia katika mfuko wa ndani wa koti. Nilimuuliza kama haogopi kusafiri nayo.

"Niogope nini, Milka?" alisema. "Safari hii hakuna aliyemshika mkono."

Mzee wetu, kwa niaba ya Bwana Harjit, wafanyakazi, na wateja wote walio hai na waliotangulia, tunakushukuru. Umetufundisha kutazama mikono ya wanaotulisha wangali wanatulisha. Nenda Maragoli ukapumzike, mabinti zako walime mahali pao bila kumwomba mtu ruhusa, na kofia ya kumi na mbili, ambayo ndiyo zawadi yetu, udumu nayo angalau mpaka uwanja wa ndege. Tunakutakia siku njema, nyingi, na zenye amani.

Kitabu nitakisalimu mimi kila asubuhi, kama ulivyoagiza. Nikiitikiwa, nitakuandikia.