Dar Hadi Jeddah Bila Kuchimba Dawa

Mzee Masoudi anakwenda Hija wiki ijayo, na tangu gari litoke Nachingwea alikuwa na hofu moja tu.

"Dar mpaka Jeddah ni kilomita elfu tatu na ushee," alimwambia mama aliyekaa naye. "Sisi mpaka Ruangwa hapo tu lazima tusimame kuchimba dawa. Ndege itasimama mara ngapi?"

Yule mama aliwahi kumsindikiza mgonjwa India, na safari hiyo moja imemfanya rubani. "Haisimami, mzee wangu. Saa nne na nusu moja kwa moja. Choo kimo humohumo."

Nilidhani mzee amefarijika.

"Kinamwaga wapi?"

Mama alikohoa. "Hukohuko juu. Kwa mwendo ule, inakauka kabla haijafika chini."

"Na masika je?"

Kabla rubani wetu hajajibu, gari lilisimama. "Kuchimba dawa, dakika tano!" konda alipaza sauti. "Akina mama kushoto, wanaume kulia!"

Jua lilikuwa kali na wingu hakuna, lakini mzee alishuka na mwavuli, akatazama juu, akaufungua. Nilimcheka sana. Kisha nikatafuta mkorosho wenye majani mengi.