Mama Taratibu wa Wodi ya Watoto Wachanga

Marehemu mama yetu, aliyejulikana wodini kama Mama Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga. Alikuwa mdogo mno, hata baba yake akampimia nguo kwa kiganja.

Alimaliza sekondari mwaka 1976, kisha akasomea tiba ya usemi na umezaji. Jamaa walimcheka: "Vichanga hata hawasemi, utawatibu nini?" Naye hakukosa jibu: "Kwanza kumeza, ndipo kusema, shemeji. Wewe unafanya vyote kwa mpigo, ndiyo maana kila siku unapaliwa."

Kwa miaka thelathini na miwili, kuanzia 1983, aliwafundisha kunyonya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Alimlaza mtoto ubavu, akamnywesha kidogo kidogo, akimwachia nafasi ya kupumua. Muuguzi akiharakisha, alimzuia: "Ametanua vidole, bibie. Anasema basi. Humsikii?"

Mwaka 1985 aliolewa na fundi umeme ambaye siku ya kwanza mama alimfukuza wodini kwa kugonga nyundo wakati watoto wakinyonya. Kesho yake bwana alirudi kuomba radhi, nyundo kaiacha nyumbani. Walijaliwa binti mmoja.

Tarehe 4 Februari 2024 alipatwa na kiharusi. Koo likagoma, akawa analishwa kwa mpira wa puani. Siku ya kumi na moja binti yake, ndiye anayesoma haya, alishindwa kuvumilia kumwona mama anakonda. Akamlisha uji kwa kijiko. Mama akatanua vidole. Binti, aliyekua akiyasikia mafunzo yale mezani, alidhani anataka kushikwa mkono. Akaushika, akaongeza kijiko. Uji ukaingia mapafuni, ikafuata homa kali.

"Mama, ni mimi niliyekufanyia hivi," alilia. Mama akaomba kalamu kwa ishara, akaandika kwa mkono wa kushoto: "Hata mimi. 1984. Nilimharakisha mtoto wa siku tisa, akafa. Sikumwambia mtu." Kisha akapigapiga godoro, binti akae karibu.

Alifariki tarehe 27 Februari, saa nne asubuhi. Jamani, miaka arobaini aliubeba mzigo ule peke yake, na sisi tukila naye, tukicheka naye.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili na dada zake wawili. Ametanguliwa na mtoto wa siku tisa ambaye jina lake hatulijui. Wapumzike kwa amani, wote wawili.