Harusi ya Kadi ya Mfano

RISALA YA WABUNIFU WA CHUMBA CHA KADI, ZARQA, KWA MGENI RASMI BI. HANADI RIMAWI

Mgeni rasmi, Bi. Hanadi Rimawi, mwenye duka letu la mtandaoni; meneja wetu, Bwana Shukri; wenzetu wa kufungasha na kusafirisha mliopanda ngazi kuja kutusikiliza: assalamu alaykum.

KARIBU GHOROFANI

Sauti yako tunaijua kwa simu. Sura yako tumeiona leo. Utuwie radhi kwa ngazi zile, na kwa harufu ya gundi, ambayo sisi hatuisikii tena. Kahawa ya hiliki iko tayari. Tuliambiwa risala iwe ya adabu na iwe fupi. Adabu tumeizingatia. Kuhusu ufupi, tunaomba utuvumilie, kwa kuwa hatujui utapanda tena lini.

TULIKOTOKA

Chumba hiki kilianza na meza ya mwenzetu Rudaina, kompyuta moja na mashine ya kukatia karatasi. Kabla yake, watu wa mji huu walikwenda kwa mpiga chapa. Baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi walikaa pale na chai, wakagombania jina la nani litangulie, wakaondoka wamepatana. Mpiga chapa alizijua familia zote mbili, na siku ya harusi kiti chake kilikuwepo.

Siku hizi mteja anabonyeza tu. Jina linaingia kwetu usiku akiwa kitandani mwake, asubuhi tunalipamba, jioni linaondoka. Hatujui kama harusi ilifana au ilinyeshewa. Hatujui hata kama ilifanyika. Sisi tunafungulia wengine mlango kisha tunabaki nje, na hilo tulilizoea kabla hatujaanza kuliona.

TULIYOYAFANYA

Kazi zetu unaziona dukani, hatutazihesabu. Tutaje mbili tu.

Mteja mmoja aliye ughaibuni alituma picha ya gauni la bibi yake, limechakaa, limeshonwa kwa uzi mwekundu. Rudaina alilikodolea macho hadi akaipata mishono yake, akaifanya kuwa pindo la kadi. Yule bwana aliandika kwamba alipoifungua alisikia harufu ya sanduku la bibi yake. Kadi ile haikuwa na harufu yoyote.

La pili: tuliacha kuandika aya tukufu kwenye kadi, maana kadi huishia jalalani, na akina mama wazee walikuwa wakiinama kuziokota ili maneno ya Mungu yasikanyagwe. Mahali pa aya tukaweka beti tunazotunga wenyewe. Nyingi zimependwa. Moja ilirudishwa:

Mlango tumefungua, twawangoja wenye kuja,
Kiti kitupu chajua, jina la asiyekuja.

Mteja aliuliza, "Jamani, hii ni harusi au matanga?" Tukambadilishia. Lakini ubeti ule ni mzuri, mgeni rasmi, na hatutaukana mbele ya mtu.

YALIYOTUKUTA

Hapa ndipo penye risala yenyewe.

Kabla ya mavuno ya zeituni uliagiza kadi mpya, ile inayofunguka ndani ya simu, yenye ramani ya kumpeleka mgeni hadi ukumbini. Kadi hiyo ilihitaji mfano wa kuonyesha dukani, na mfano unahitaji majina. Majina ya wateja hatuyatumii. Majina ya kubuni yaliwahi kumchukiza mtu aliyekuwa nayo kweli. Ndipo mwenzetu Nayif Awad, anayekaa meza ya dirishani, akaweka jina lake mwenyewe, ili asiwepo wa kulalamika.

Alituambia baadaye kwamba alitaka pia kuona lingekaaje.

Lilikaa vizuri. Bibi harusi hakumtaja. Unajua desturi zetu: familia nyingi hazipendi jina la binti litembee mikononi mwa watu, hivyo huandikwa herufi moja. Nayif aliweka herufi ya wau, kwa sababu mkia wake unapinda vizuri chini ya jina la mwanamume. Ramani ikahitaji ukumbi. Akaweka ule anaoupita kila siku akienda kupanga foleni ya mkate. Tarehe akaweka Alhamisi moja ya mbele. Pale chini, panapoandikwa kwa upole kwamba watoto tunawatakia usingizi mwema, yaani waachwe nyumbani, yeye alifuta akaandika: "Na watoto waje."

Neno "mfano" lilipaswa kuwa juu ya kadi. Tuliliona linaharibu sura yake, tukalitoa. Tulilitoa sote.

Nayif hana baba wala mama. Amelelewa Tafila, mbali kusini, na shangazi yake, Bi. Fidda, na ukoo wake una kundi kwenye simu ambamo kila Ijumaa anaulizwa anaoa lini. Alikuwa ameshalinyamazisha kundi hilo zamani. Kwa hiyo kadi ilipookotwa dukani na binamu mmoja na kurushwa kundini, ukoo mzima ulishangilia, yeye hakusikia kitu. Wengine walidhani fulani ameshampigia kumpongeza. Shangazi Fidda ndiye pekee ambaye angempigia bila kukosa, naye alikuwa amenuna. Alisema, "Nimemlea, halafu nialikwe na simu ya mtu mwingine? Simpigii. Lakini harusini nitakwenda, anione nilivyokasirika."

Alhamisi hiyo, alasiri, simu ya oda iliita humu chumbani. Alikuwa mlinzi wa ukumbi.

"Nyie ndio wenye duka la kadi? Namba yenu iko hapa chini. Njooni mchukue watu wenu."

"Watu gani?" Rudaina akauliza.

"Wa harusi! Basi zima, na gari la masufuria. Ukumbi unapakwa rangi, na kuna mama hapa ananiambia nimemficha bibi harusi."

"Harusi ya nani, kaka yangu?"

"Ya Nayif wa Awad."

Rudaina akageuka. "Nayif, unaoa leo?"

"Leo?" akasema Nayif bila kuinua macho. "Leo nina oda ya watu wa mji wa Salt."

Kisha akainua macho. Tulioiona sura yake hatutaisahau.

Tulikwenda naye sote. Shangazi Fidda alikuwa ameketi mbele ya geti lililofungwa, amevaa gauni lake la nakshi, watoto wamemzunguka wakiwa na viatu vipya.

"Kumbe u hai," akasema. "Nilidhani umekufa ukaolewa na kompyuta."

"Shangazi, mimi sioi."

"Huoi na kadi imetoka? Kadi ina ramani, wewe! Nani anaweka ramani ya harusi isiyokuwepo?"

"Ni mfano, shangazi. Kadi ya kuuzia."

Mjomba mmoja akacheka hadi akashika gari. "Bibi harusi kakimbia hata kabla ya kumwona!"

"Nyamaza wewe, uliyeoa baada ya kukataliwa kijiji kizima," akasema Bi. Fidda bila kumtazama. Kisha akamwuliza Nayif, kwa sauti ya chini, "Na huyu wau ni nani?"

"Ni herufi tu."

"Herufi tu." Alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja chakula kilichokosa chumvi. Akainuka, akamtengeneza kola ya shati, akachelewa kuiachia. Halafu akawageukia wanaume. "Mbona mmesimama? Teremsheni masufuria. Kondoo ameshachinjwa, hawezi kurudi Tafila kwa miguu yake."

Tukala mansaf ya kondoo yule pale mbele ya geti, tumesimama, mtindi wa moto ukitiririka juu ya wali, vidole vikiungua. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele kwa mazoea, akakumbuka, akakikatiza katikati. Hakuna aliyempokea. Ndipo Shangazi Fidda akainua kichwa akakimalizia, peke yake, hadi mwisho wake.

Mgeni rasmi, hiyo ndiyo harusi ya kwanza iliyotokana na kadi ya chumba hiki ambayo sisi tulialikwa.

Mpita njia aliturekodi. Yaliyofuata unayajua: watu wakacheka, na baadhi ya wateja wakauliza kama duka letu linauza harusi za uongo. Ulikasirika, na ulikuwa na haki. Kisha Bwana Shukri akatuletea uamuzi kwamba Nayif aondoke mwisho wa mwezi huu.

Toka siku ile Nayif amelitoa jina lake. Kadi ya mfano iko dukani na nafasi mbili tupu, na wateja wanauliza mbona haina wenyewe. Yeye anafika kabla yetu na anaondoka baada yetu. Siku za mapumziko, chumba kikiwa kimefungwa, mwangalizi wa jengo amemkuta zaidi ya mara moja ameketi kwenye ngazi hizi ulizopanda. Alipomwuliza anangoja nini, alijibu kwamba chumbani kwake pana kimya sana, na hapa angalau anasikia maji yakipita kwenye mabomba.

Na Shangazi Fidda, ambaye hajui lolote kuhusu uamuzi wako, siku hizi anaipigia simu ya oda. Haagizi kadi. Anauliza, "Mwanangu amekula?" Anayeshika simu hugeuka, humtazama Nayif, hujibu, "Amekula, mama." Wakati mwingine inabidi tumpe kwanza mkate ndipo tujibu, ili tusiseme uongo.

TUNALOOMBA

Tulikuwa tumeandaa maombi mengi. Viti hivi vinaumiza mgongo, mashine ya kukatia inatafuna karatasi, dirisha moja halifungi. Tumeyafuta yote. Tuliogopa ukipewa maombi mengi utachagua lililo rahisi.

Tunaomba Nayif abaki.

Hatuombi kwa kupiga magoti. Kadi ile tuliipitisha sote, na lile neno lililokosekana tulilitoa sote. Kama kosa hilo ni la kumtoa mtu, basi agiza chumba kizima kifungashe mabegi. Na wala hatukubali kwamba duka lilidanganya. Kadi ilisema mahali, watu wakafika mahali. Ilisema watoto waje, wakaja. Ilimwita shangazi aliyekuwa amenuna, kutoka Tafila, na masufuria yake. Kadi ngapi za kweli zimeweza hayo? Kilichokosekana ni bibi harusi, na hicho, mgeni rasmi, Nayif alikuwa anakijua kabla ya mtu yeyote kucheka.

Hakutuomba tuyaseme haya. Angejua yameandikwa, angeomba tuzungumzie viti.

Yule pale nyuma, karibu na mlango, ndiye yeye. Humu ndani hamna baridi. Jiko la gesi tumeliwasha tangu asubuhi kwa ajili yako. Hata hivyo, amekwisha vaa koti lake, na vifungo vyote amefunga, kwa sababu anaamini umekuja kumaliza jambo hili leo. Ukimaliza kahawa yako, kabla ya kushuka ngazi, tunakuomba upite pale umwambie alivue.

Mungu akujalie nyumba isiyokosa wageni, akupe safari njema ya kurudi, na kila utakayemwita aitike.

Ni sisi, kwa heshima,
Wabunifu wa Chumba cha Kadi, Zarqa
— sote, pamoja na aliye karibu na mlango.