Shangazi Stamenka Anaiacha Sindano, Shajkacha Zinabaki

Binti yangu Dunja amejivika sasa hivi shajkacha, kofia yetu ya sufu ya Kiserbia, iliyokuwa mezani. Kaivaa kiubavu, ncha ya mbele imelalia sikio, na Shangazi Stamenka kaigeuza taratibu mpaka ikakaa sawa. Miaka thelathini na nane amekuwa akigeuza kofia za watu hivyo hivyo. Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, anastaafu.

Aliingia karakana yetu hapa Valjevo akiwa msichana wa kufagia vipande vya sufu. Leo ukimwona mzee amevaa shajkacha kanisani, harusini au shambani, huenda mkono wa Shangazi umepita hapo. Babu zetu walikwenda vitani na kofia hii, na walionusurika wakarudi kulima nayo. Ndiyo maana hakubali ishonwe kwa kitambaa chepesi. Akimaliza, anaiangusha mezani. Ikilala, anaifumua. Ikisimama, ndiyo inatoka.

Mdomo nao anao. Mteja mmoja alilalamika kofia inambana. Akamjibu, "Kofia haijapungua, baba. Kichwa ndicho kimejaa siasa." Yule mteja alicheka, akanunua mbili.

Siku nyingine alikuja kijana kutoka Viena na kofia ya marehemu baba yake, imeliwa na nondo. Alitaka mpya ya mfano ule. Shangazi aliinusa, akasema, "Mpya nitakushonea, ila baba yako bado yumo humu." Akaziba matundu, na utepe wa ndani wenye jasho hakuugusa. Kijana aliondoka ameivaa, hakutaka hata ifungwe kwenye karatasi.

Mwenye karakana alishasema: asipopatikana wa kushona mkunjo wa juu, mlango utafungwa siku Shangazi anapoondoka. Tangu Pasaka ananifundisha mimi, Dunja akisinzia kwenye kikapu cha sufu. Nimefumua nyingi. Kila mara husema, "Rudia, binti." Hajawahi kuniita vingine. Hiyo aliyoivaa Dunja nimeimaliza asubuhi, na Shangazi bado hajaiangusha mezani.

Shangazi, asante kwa subira yako na kwa supu uliyokuwa ukituletea mimi na mtoto. Tunakutakia miguu isiyouma, plamu zijae matawini, na...

Shangazi ameivua kichwani kwa Dunja. Nimesikia ikianguka mezani, na mkasi wa kufumulia hajaushika. Sasa anaita, "Fundi, njoo uione." Nimegeuka nione anamwita nani, na humu ndani hamna mwingine ila mimi na Dunja, kwa hiyo naona ni mimi.