Mkono wa Annelis

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate, na siku hiyo tulishalijaza tangu asubuhi, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Jioni kijiji kilikuwa kinapiga kura: kiwanda cha risasi kipewe malisho ya kijiji kijipanue, au kinyimwe. Na kura ya kijiji huku kwetu Uswisi haina siri. Unanyoosha mkono watu wote wakuone, na bosi wako kakaa kiti cha mbele. Sasa Annelis, anayefunga maboksi kiwandani humohumo, akatangaza kwamba yeye atapinga. Basi kukawa hakukaliki.

Wa kwanza kumvaa alikuwa Ueli, tunayemwita Balozi kwa vile anajua mambo ya dunia nzima na hajawahi kutoka bondeni. Akamsomea: bwawa la kuogelea, gari la zimamoto, hata paa la kanisa, vyote vimetolewa na kiwanda.

— Na nchi yetu haina upande katika vita vya mtu, akasema. Sisi tunauza tu.

— Tunauza nini, Balozi, maandazi? akauliza Annelis.

Gusti, fundi bomba tunayemwita Profesa, akaja na lake: risasi zetu ni nzuri mno, anayezinunua anaona uchungu kuzitumia. Balozi akaona anapitwa, akapanda dau. Haki yenyewe, akasema, ni kuwauzia wote wawili wanaopigana, sawa kwa sawa, asinung'unike mtu. Profesa akasema hiyo bado ndogo. Tukishawauzia wote, tuwaalike waje kupatana huku kwetu ziwani, na hoteli nazo zipate chochote. Kahawa ikanipalia. Watu wazima, na mvi zao!

Kumbe mwalimu mpya wa shule, Seraina, alikuwa amesimama nyuma yetu na mkate kwapani, anasikiliza.

— Samahanini, akasema. Jirani akituvamia kesho, na kuna nchi isiyo na upande inamuuzia risasi, hiyo nchi tutaiitaje?

Balozi akainama kufunga kamba za viatu. Profesa akakimbilia kikombe chake, nacho kilikuwa kitupu. Annelis akainuka, akaenda zake bila kuaga.

Jioni nilikaa kwenye viti vya wasiopiga kura, maana mimi ni mhamiaji, pasi ya Uswisi sina. Mwenyekiti akaita wanaokubali, mikono ikajaa ukumbi. Akaita wanaopinga, ukanyooka mmoja tu. Balozi na Profesa mikono yao ilikuwa mifukoni mara zote mbili, na nasema wazi, niliwaonea aibu. Meneja wa kiwanda akageuka na kiti chake, akamkazia macho Annelis. Annelis naye akamkazia.

— Tumeshakuhesabu, Annelis, akasema mwenyekiti kwa upole. Shusha mkono.

— Bado napinga, akasema, na hakuushusha.