Alhamisi Mbili Bila Kuzima Mtambo

Mheshimiwa Meneja wa Kanda, mgeni wetu rasmi. Mkuu mpya wa kituo, ambaye kuanzia Jumatatu utakuwa bosi wangu, kama baada ya hotuba hii bado utanitaka. Wazee wetu wawili mnaostaafu leo, pamoja na familia zenu. Wafanyakazi wenzangu wa mnarani. Ndugu waalikwa wote mliopanda mlima huu hadi viatu vikabadilika rangi. Na wewe mume wangu wa siku kumi na tisa, uliyekaa mstari wa pili ukijifanya hunijui: nawasalimu kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake, ingawa huyo wa mwisho nilishamsalimu asubuhi.

Nimepewa dakika kumi nimuage Mzee Chujio kwa niaba ya watu wa zamu. Mshereheshaji amenionya nisizungumzie ndoa yangu, nami nimemwambia nitajaribu. Lakini, ndugu zangu, mtu aliyejaa furaha mpaka shingoni mkimwambia afunge mdomo, si itamtokea puani? Naomba mnivumilie. Ndoa yangu na kazi ya Mzee zimefungwa kamba moja, na kabla sijashuka hapa mtaona fundo liko wapi.

Kwa wageni ambao leo ndiyo mara ya kwanza kufika, hapa ndipo picha ya mkoa mzima inapotokea. Mtambo wenyewe uko kwenye chumba kile chenye mlango wa bluu, ukubwa wake kama makabati mawili ya nguo, na unavuma kutwa kucha kama mzinga wa nyuki. Unapokea matangazo, unayapandisha mnarani, na mnara unayamwaga mabondeni mpaka kwenye antena na ving'amuzi vyenu. Mtambo huo unapata joto sana. Feni zinavuta hewa ya kuupoza, hewa ya mlima huu ina vumbi, kwa hiyo mbele ya feni kuna machujio. Kila Alhamisi saa nne asubuhi unazimwa dakika ishirini, machujio yanatolewa, yanasafishwa, yanarudishwa. Basi. Hakuna mtu aliyewahi kupigiwa vigelegele kwa kusafisha chujio. Ila Mzee wetu ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, tangu enzi za picha zenye chenga, kiasi kwamba hata mkewe, mama yetu aliyekaa pale, humwita Chujio akimtuma dukani.

Siku yangu ya kwanza nilifika hapa na cheti changu cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa plastiki, nimekishika kama yai. Mzee hakukifungua.

"Binti, ulisoma fizikia?"

"Nilisoma, Mzee."

"Ulipata nini?"

"C."

"Inatosha. Fizikia ya hapa ni brashi."

Akanipa brashi, na ndiyo ikawa ajira yangu, kwa majaribio ya miezi sita.

Mwezi wangu wa pili kazini, simu ya kituo ikalia. Sauti ya kiume, nzuri, lakini imekasirika. "Dada, wewe ndiye mwenye mnara? Picha yako imeganda. Mteja wangu kageuza kichwa kuangalia kulikoni, mashine imepita njia yake. Sasa ana barabara katikati ya kichwa, nimwambie nini?" Alikuwa kinyozi wa bonde la mwisho kabisa, pale ambapo mawimbi yetu hufika yakiwa yamechoka. Nikamwambia apande juu ya paa na simu. Nikamwelekeza: inua antena, geuza taratibu, acha, rudisha kidogo. Mteja alibaki chini akisoma namba kwenye kioo na kumpigia kelele. Nguvu ya mawimbi themanini. Ubora ishirini.

"Themanini si nzuri?" akaniuliza.

"Nguvu peke yake haisaidii, kaka. Ubora ndio unaoshika picha."

Akacheka. Ndugu waalikwa, mimi nimesikia vicheko vingi maishani, lakini kile kilipanda mlima huu chenyewe bila msaada wa mtambo. Kuanzia siku ile alinipigia kila siku saa tatu asubuhi kunisomea namba zake, na nilimwandika kwenye daftari kama shahidi wa mapokezi ya bondeni, jambo ambalo Mzee alilikubali kwa moyo mweupe, akidhani ni kazi. Ubora hamsini, dada wa mnara. Ubora sitini na mbili, dada wa mnara, na umelala salama? Wako wasichana wanaoletewa maua. Mimi nililetewa namba, na sikuwahi kuona maua mazuri kama ubora themanini na moja.

Sasa nafika kwenye fundo.

Mwezi wangu wa tano, Alhamisi moja, saa nne kasoro dakika tano, mkono wangu ukiwa tayari kwenye swichi, akapiga. "Mpenzi, leo usizime. Nina watu sita kwenye benchi wanaangalia mpira wa marudio, na yule kinyozi jirani mwenye dishi ameweka viti nje. Ukizima tu, wanavuka barabara." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mpenzi. Wenzangu, mkiwa waungwana, nani kati yenu angezima?

Sikuzima. Na kwa kuwa kutozima kunahitaji maelezo, niliandika kwenye daftari la zamu: machujio yamesafishwa. Mzee alipopita alitia sahihi yake chini ya mwandiko wangu. Utaratibu ulimtaka afungue mlango aangalie kwanza. Hakufungua, kwa sababu aliniamini. Wiki iliyofuata nikafanya vilevile, kwa sababu wiki ya kwanza hakukutokea lolote. Ndivyo kosa linavyokua, likikosa wa kulikemea mara ya kwanza.

Jumamosi ya baada ya Alhamisi ile ya pili ilikuwa siku ya fainali ya mashindano ya maswali ya shule, na timu ya watoto wa mkoa wetu ilikuwa uwanjani. Mnaikumbuka. Wazazi walikusanyika kwenye ukumbi wa shule, wamepanga viti mbele ya televisheni moja. Jua lilikuwa kali, machujio yamejaa, na mtambo ulipoona unaungua ukaanza kujipunguzia nguvu wenyewe. Zamani picha ingeingia chenga, mngekaza macho mkaona hivyo hivyo. Ya dijitali haina huruma hiyo: ipo, au haipo. Na mnajua bonde gani lilikuwa la kwanza kukosa picha? La kinyozi wangu. Niliyetaka kumpendeza ndiye aliyeanza kutazama kioo cheusi. Saa tisa na dakika kumi mkoa wote ukafuata. Watoto walishinda, wakainuliwa juu wakishangiliwa, na mama zao walikuwa wameketi mbele ya maandishi: hakuna mawimbi. Ushindi ule hawakuuona mpaka leo.

Mzee hakuwa zamu. Alipanda mlima kwa miguu, amevaa ndala za nyumbani, akafungua mlango wa mtambo na kuvuta chujio la kwanza. Lilikuwa limeota manyoya kama paka.

"Binti, hili lina muda gani?"

"Siku kumi na sita, Mzee."

"Daftari linasema siku mbili."

Nikavuta chujio la pili.

"Nani alikuomba?"

"Kinyozi."

"Kinyozi," akarudia polepole, huku akichukua brashi. "Basi angalau awe ananyoa vizuri."

Tulisafisha wote wawili, na saa kumi na mbili picha ikarudi.

Jumatatu walikuja wakaguzi. Nilikuwa nimebakiza wiki tatu kumaliza majaribio, na kosa la kuandika uongo kwenye daftari halina onyo, lina mlango wa kutokea. Nilisimama nje ya dirisha nikamsikia Mzee akijibu. Aliwaambia: "Sahihi ya chini ni yangu. Nilitia bila kufungua mlango. Msimamizi ni mimi, andikeni mimi." Wakaandika kwamba usafi ulifanywa ovyo kwa uzembe wa msimamizi. Alipotoka nilianza kulia na kumshukuru. Akasema, "Usinishukuru. Kasafishe."

Mwezi uliofuata mimi nikathibitishwa kazini, na yeye akapewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika miaka thelathini na moja. Mimi nikaendelea kupendwa. Nikaposwa, nikaolewa, nikacheka, nikasahau. Naomba mlisikie neno hilo, maana linaniuma zaidi ya uongo wenyewe: nilisahau.

Mpaka ratiba ya leo ilipobandikwa ukutani. Dereva wetu mpendwa anayestaafu naye leo, hongera sana baba, amepangiwa kukabidhiwa cheti cha utumishi usio na doa. Mzee Chujio amepangiwa saa ya ukutani. Nilisoma ratiba ile nikiwa na siku nne tu za ndoa, nikaenda nyumbani nikakaa chini.

"Mke wangu, mbona unalia, nimekukosea?"

"Hapana. Umenifurahisha kupita kiasi, hapo ndipo tatizo lilipoanzia."

Nikamsimulia yote. Hakuwa anajua. Yeye siku zote aliamini mtambo uliharibika wenyewe, kama vitu vinavyoharibika. Akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo mkoa mzima ulizimika kwa ajili ya kiti changu kimoja cha kunyolea?"

"Una viti viwili."

"Cha pili hakina mguu." Tukacheka kidogo, halafu hatukucheka tena. Akanishika mkono. "Mimi niliomba, wewe ukakubali, na mzee wa watu ndiye anayebeba. Siwezi kula raha juu ya jina la mtu. Nenda ukaseme. Nitakaa mbele yako uniangalie." Ndugu zangu, mnanishangaa nikisema nimeolewa vizuri? Mapenzi yake hayakunitaka nionekane mwema. Yalinitaka niwe mkweli, hata kama mkate wetu utapungua. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nilimchagua kinyozi wa bondeni. Jibu ni hilo.

Mzee, nakuona unainua mkono ili ninyamaze. Naomba ukae, baba. Umenikingia vya kutosha.

Mheshimiwa Meneja, Mzee huyu alinifundisha kwamba daftari la zamu halifutwi. Ukikosea, hupaki wino mweupe wala huchani ukurasa. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, ili kosa liendelee kusomeka, unaandika lililo kweli pembeni, kisha unatia sahihi na tarehe. Jana mchana nilifungua daftari la mwaka jana. Nikatafuta zile Alhamisi mbili, nikapiga mstari mmoja kila moja, na pembeni nikaandika: hayakusafishwa, nilisema uongo. Nikatia sahihi. Inasomeka.

Ombi langu kwako ni kwamba barua ya onyo iliyo kwenye jalada la Mzee ifanyiwe hivyo hivyo. Isichomwe wala isifichwe, ila ipigwe mstari mmoja, na pembeni liandikwe jina langu. Maelezo yangu yote yamo kwenye bahasha hii, na mume wangu ameandika ukurasa wake mwenyewe, akakataa nimsahihishe. Kama kuna adhabu, sitauliza njia, mlango wa kutokea naujua. Nikiachishwa kazi nitashuka bondeni nikamsaidie kunyoa. Nimeshaanza kujifunza kushika mashine, ingawa mwalimu wangu anasema nina mkono mzito na wateja wanaogopa kunipa vichwa vyao. Nikibakizwa, nitasafisha machujio mpaka na mimi mume wangu aniite kwa jina hilo akinituma dukani.

Na ninyi wazazi wa watoto wa fainali, nimewaona wanne hapa ukumbini. Picha ile siwezi kuirudisha. Lakini nilimwandikia kwa simu fundi wa makao makuu anayetunza kanda za matangazo, na ametuma nakala ya fainali nzima. Iko kwenye mkoba wangu. Baada ya hafla tutaiweka kwenye televisheni ya ukumbi huu, muwaone watoto wenu wakiinuliwa. Mzee akipenda, naomba akae mstari wa mbele pamoja nanyi, maana yeye pia siku ile hakuona kitu, alikuwa na brashi mkononi.

Mzee wangu, nilitakiwa kukusifu, nami nimetumia dakika zako kujishitaki. Lakini ningekusifu kwa lipi lililo kubwa zaidi? Wengi hutunza mitambo. Wewe ulimtunza binti wa watu aliyekukosea, ukampa nafasi ya kuwa mtu kabla hajastahili, wala hukumkumbusha hata siku moja. Nimekuwa mke, na siku moja kwa majaliwa nitakuwa mama. Nikijaliwa kulea, nitalea kwa mkono ulionilea hapa.

Sasa nashuka. Mheshimiwa, bahasha nakuletea mkononi mwako. Kisha nitarudi kwenye kiti changu, kilicho kati ya mume wangu na Mzee Chujio. Naona Mzee ameshaondoa kofia yake iliyokuwa imekikalia, na anakipangusa vumbi kwa kitambaa chake cha mkononi.

Nawashukuru sana kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu.