Mwalimu Sefania Mdoe na Neno "Bado"

Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 2025, Mwalimu Sefania Mdoe anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Hisabati katika shule yetu hapa Magamba, Lushoto. Alikuja Julai 1991, kijana mwembamba mwenye sanduku la bati. Kwa neema ya Mungu anaondoka na afya yake, na sauti ile ile inayosikika hadi jikoni kwetu.

Mkuu wa shule ameniomba mimi mpishi niandike, kwa sababu, anasema, siri za walimu zote huishia kwenye chai. Basi nianze na siri moja. Mwaka huu kilichomnyima Mwalimu raha si kustaafu. Ni mafunzo ya Jumamosi, ambayo kwayo, kwa miaka kumi na mitatu, amewakusanya walimu wa sekondari wa milimani wafundishane kazi. Aliogopa yataondoka pamoja naye.

Mafunzo hayo yana asili yake. Mwaka 2009 alikwenda Ujerumani miezi mitatu, kwa mpango wa kubadilishana walimu. Wenyeji wakampikia viazi asubuhi na jioni. Tulicheka sana: mtu katoka Lushoto kwenye viazi, kapanda ndege kufuata viazi! Lakini darasani huko alikutana na jambo. Alimaliza kufundisha, akauliza kama wameelewa, na binti mmoja akamjibu, hapana. Kumbe darasa zima halikuwa limeelewa. Mwalimu alituambia kwamba siku ile alikaa akiwaza watoto wake wa Magamba, waliomjibu "Ndiyo mwalimuuu!" kwa miaka kumi na minane, kisha wakafeli.

Aliporudi akawaomba wanafunzi waseme hapana wasipoelewa. Hakuna aliyethubutu. Mtoto wa Kisambaa aliyelelewa kwa shikamoo atamwambiaje mkubwa hapana? Walimu wenzake nao wakamtania, "Mzee wa Ulaya, ndiyo adabu uliyotuletea hiyo?"

Mwaka uliofuata akaja mgeni kutoka kule, Mwalimu Anke wa Fizikia, mcheshi na mpenda makande. Kila akija jikoni, akina mama walimuuliza kama ameolewa, naye akajibu kavu, "Hapana." Mpishi mwenzangu Mama Mwajuma akashindwa kuvumilia. "Mwanangu, usiseme hapana, unajifungia mlango mwenyewe. Sema bado!" Mwalimu Sefania alikuwa anakula pale pale. Akaweka kijiko chini, akaondoka, makande akayaacha.

Kesho yake akawaambia Kidato cha Pili kwamba asiyeelewa aseme "bado" tu. Halafu akauliza kama wameelewa. Akasimama binti mmoja, Mwanaheri, huku anavuta pindo la sweta. "Bado, mwalimu." Wakafuata wengine thelathini na kitu! Mwalimu alikuja jikoni anacheka kama aliyeokota kitu, na somo lile akalirudia siku tatu.

Mwaka 2012 akaanzisha mafunzo ya Jumamosi, na wageni wa kubadilishana wakawa wanayahudhuria kila walipokuja. Wanafunzi walijifunza neno lile haraka. Walimu ndio waliopata tabu, maana nani anataka kukiri mbele ya wenzake kwamba mada inamshinda? Mwalimu Sefania alitangulia yeye, akaomba afundishwe kompyuta na walimu aliowafundisha kusoma grafu.

Sasa nani angeshika nafasi yake? Alimwendea Mwalimu Hidaya wa Kemia, aliyekuwa mwanafunzi wake. Hidaya akakataa mara tatu. "Mzee wangu, niwaamkie wazee shikamoo halafu niwakosoe?" Mwalimu akamwambia aanze na shikamoo, kisha awaulize wanayoyajua wao. Mwezi wa nne, baada ya maombi mengi (mengine yalikuwa yangu), akakubali.

Jumamosi ya tarehe 14 Juni Hidaya aliongoza peke yake. Mwalimu Sefania alibaki nyumbani makusudi, ili macho ya watu yasimtafute. Walikuja walimu ishirini na sita. Mzee Tobia wa Rangwi, mkubwa kuliko wote, akanyoosha mkono akamwomba Hidaya arudie hatua ya pili ubaoni. Akairudia, na Mzee akaandika. Kabla ya kutawanyika walikuwa wameshakubaliana wenyewe kwamba mkutano ujao utafanyika Rangwi.

Nilimpigia Mwalimu simu kumweleza. Akauliza tu kama maharage niliyowapikia walimu yaliwatosha.

Yaliwatosha, Mwalimu, na yalibaki. Asante kwa yote. Mungu akutunze wewe na mkeo Mama Evelina, mvua iwe ya kiasi shambani kwenu, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na njema. Sisi wa jikoni tunakuombea.

Jenoveva Singano
Mpishi wa shule